Maua ya kauri ukutani: Remba nyumba yako bila kuhatarisha afya

Je, umechoka kutazama kuta tupu za nyumba yako? Basi hauko peke yako. Wakazi wengi wa mijini, hasa sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga, tumezungukwa na kuta zilizopakwa rangi ile ile ya maziwa iliyochaguliwa na mwenye nyumba, na pambo lililopo ni kalenda ya duka fulani na saa ambayo betri yake iliisha zamani. Njia moja ya kuzipa uhai kuta hizo, isiyohitaji pesa nyingi wala fundi wa kutoka mbali, ni kuzipamba kwa maua ya kauri yaliyofinyangwa kwa mkono, tena ikiwezekana kwa mkono wako mwenyewe.

Huenda ukauliza: maua ya ukutani yanahusiana vipi na ukurasa wa afya? Yanahusiana sana. Udongo, moto, rangi na vumbi ni vitu vinavyoingia mapafuni, damuni na machoni. Mtu anaweza kuketi mezani Jumamosi alasiri akifinyanga waridi ili atulize akili, kumbe anamwachia mtoto wake wa miaka miwili sumu sakafuni. Lakini pia kuna upande wa heri, na huo hausemwi vya kutosha. Tuanze na huo.

Kwanza ondoa dhana kwamba kupamba ukuta kwa kauri ni mtindo ulioletwa juzi na majarida ya ng'ambo. Pwani yetu imefanya hivyo kwa karne nyingi. Ukiingia katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa turathi ya dunia, utaona zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani safu kwa safu, ambamo wenyeji waliweka sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina na Uajemi. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna kaburi la nguzo ambalo bakuli za Kichina zilipachikwa ndani ya lipu yake. Kwa hivyo jirani akikuuliza kwa nini unapachika vyombo ukutani, mwambie unafuata nyayo za wazee.

Ama maua yenyewe ya kauri, yalipata umaarufu mkubwa huko Ufaransa katikati ya karne ya 18, wakati kiwanda cha Vincennes kilipowaajiri wasichana kufinyanga petali moja moja kwa vidole ili matajiri wapambe nyumba zao kwa bustani isiyonyauka. Katika miaka yetu hii, mwaka 2014, msanii Mwingereza Paul Cummins alisimamia ufinyanzi wa maua mekundu 888,246 ya kauri yaliyopandwa kuzunguka ngome ya Tower of London, kila ua likiwakilisha mwanajeshi mmoja wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu walikuja kwa mamilioni kuyatazama. Lisilosemwa sana ni kwamba katika kazi hiyo mkono wa Cummins ulibanwa na mashine ya kubingirisha udongo, akapoteza kidole. Kazi ya udongo ni ya upole, lakini haina mzaha.

Hapa Nairobi, mtaani Karen, kiwanda cha Kazuri kilianza mwaka 1975 katika kibanda cha bustani ya Bi Susan Wood, kikiwa na kina mama wawili tu waliokuwa wakilea watoto peke yao. Walifinyanga shanga za kauri kwa mkono, na hadi sasa kazi hiyo inawapa mamia ya wanawake riziki. Shanga na petali ni ndugu: udongo ule ule, tanuri lile lile, na ule utandu unaong'aa kama kioo ambao wafinyanzi huuita gleizi.

FAIDA KWA MWILI NA AKILI

Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ambayo wasanifu wa hospitali huyataja hadi leo. Alichambua rekodi za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu ya pili walitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao. Bila shaka ua la udongo si mti, na sitaki msomaji yeyote aende kumwambia daktari wake kwamba ameacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu ana maua sebuleni. Lakini mgonjwa anayelala nyumbani kwa miezi, au mzee asiyetoka tena nje, hutumia siku yake yote akitazama ukuta. Kile kilicho kwenye ukuta huo si jambo dogo kwake.

Kufinyanga kwenyewe kuna manufaa yaliyopimwa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, pia Marekani, wakiongozwa na Girija Kaimal, waliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi kwa muda wa dakika 45. Walipima mate yao kabla na baada ya kazi, na wakagundua kwamba kiwango cha kotiso, ile homoni inayopanda mtu anapokuwa na mfadhaiko, kilikuwa kimeshuka kwa takriban watu watatu kati ya kila wanne. Tena haikuhitaji mtu awe na kipaji. Waliowahi kusomea sanaa na wasiojua hata kuchora kuku walifaidika sawasawa. Watafiti hao hawakuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikufanya chochote, kwa hivyo tusiikuze habari hiyo kupita kiasi, ila inapatana na yale ambayo wafinyanzi wa Ilesi kule Kakamega wangekuambia bila kupima mate ya mtu.

Kwa mwenye pumu katika nyumba, maua ya kauri yana faida nyingine ya wazi. Maua ya kitambaa hushika vumbi katika nyuzi zake na ni vigumu kuyafua. Maua halisi huleta chavua. Kauri haina chavua, na ikishika vumbi unaifuta kwa kitambaa kibichi, basi. Kwa wasomaji wa Mombasa na Pwani kwa jumla, kumbuka pia kwamba chombo cha maua chenye maji yaliyokaa wiki nzima ni kitalu cha mbu aina ya Aedes, yule anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue. Mombasa ilikumbwa na mkurupuko wa dengue mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Ua lisilohitaji maji halimpi mbu huyo makao.

KUFINYANGA: JIHADHARI NA VUMBI

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mfinyanzi wa nyumbani hilo si ushauri wa malezi ya watoto tu, ni kanuni ya afya ya mapafu.

Udongo mbichi ukiwa na unyevu hauna hatari yoyote ya kutajika kwa mtu mzima. Chukua donge la ukubwa wa harage, liviringe, kisha ulibonyeze kwa kidole gumba mpaka liwe jani jembamba katikati na lenye unene kidogo kwenye shina. Hiyo ni petali. Waridi huanza na pia ndogo ya udongo ambayo unaizungushia petali moja baada ya nyingine, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake. Asumini ni rahisi zaidi, alizeti inahitaji subira. Kila mahali petali inapogusana na nyingine, kwaruza pande zote mbili kwa sindano au uma na upake uji wa udongo, la sivyo itabanduka ikikauka. Nyuma ya ua toboa tundu la kuning'inizia, na ulifanye kubwa kuliko unavyofikiri kwa sababu udongo husinyaa kwa karibu sehemu moja katika kumi kufikia wakati unapotoka motoni. Wengi hutoboa tundu la kutosha msumari, na ua likitoka tanurini msumari hauingii.

Hatari huja udongo unapokauka. Karibu kila udongo wa mfinyanzi una silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Vumbi lake laini halionekani kwa macho, hukaa hewani kwa saa kadhaa, na likivutwa huenda moja kwa moja hadi ndani kabisa ya mapafu ambako mwili hauwezi kulitoa. Wanaolivuta kwa miaka hupata silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba, na mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la silika katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli kwamba wanaoathirika hasa ni wachimba migodi, wachonga mawe na wafinyanzi wa kila siku, wala si mama anayefinyanga maua sita kwa mwezi. Lakini mama huyo anafinyanga jikoni, na jikoni kuna mtoto mchanga.

Kwa hivyo usifagie. Narudia: usifagie udongo uliokauka, kwa kuwa ufagio huliinua vumbi lote likaja usoni mwako. Pangusa meza na sakafu kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kioshe kitambaa hicho kabla hakijakauka. Kingo za petali zilizo na makali zilainishe kwa sifongo mbichi wakati ua lina unyevu badala ya kusubiri likauke ulipige msasa. Ikibidi utumie msasa, fanya hivyo nje, ukiupa upepo mgongo, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Leso au kile kitambaa cha usoni tulichovaa wakati wa Korona havitoshi. Vaa aproni na uivue kabla ya kumbeba mtoto. Maji ya kunawia yamwage nje au kwenye ndoo utakayoiacha itulie, kwani udongo ukiingia katika bomba la sinki la ghorofa utakuwa umejitafutia kesi na majirani wa chini.

Jambo moja kwa akina mama waja wazito. Wengi wenu mna hamu ya odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, na harufu ya udongo mbichi wa mfinyanzi huiamsha hamu hiyo. Tafadhali usiule. Udongo unaweza kuwa na risasi na madini mengine mazito, na ule uliochimbwa kando ya mto au shambani unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu kali ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na dawa yake ni kumweleza muuguzi kliniki apime damu yako na kukupa vidonge vya madini ya chuma.

MOTO SI WA JIKONI

Ua la udongo lisilochomwa si kauri. Likinyeshewa litarudi kuwa tope. Ili udongo ugeuke kauri ni lazima maji yaliyofungika ndani ya chembe zake yatolewe kwa joto linalokaribia digrii 600, na wafinyanzi wengi huchoma mara ya kwanza hadi kama digrii 1,000, halafu huchoma tena baada ya kupaka gleizi. Oveni ya kupikia keki hufika digrii 250 tu. Kwa hivyo ondoa kabisa wazo la kuchomea maua yako jikoni.

Hatari zaidi ni wazo la jiko la makaa. Kuna wanaojaribu kuzika maua kwenye makaa ndani ya nyumba, tena usiku madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi itokanayo na makaa haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi huwaua watu waliolala na jiko. Kama unataka kuchoma kwa kuni kama walivyofanya bibi zetu, fanya uwanjani, mbali na nyumba, na hakikisha maua yamekauka kabisa kwa wiki moja hadi mbili. Ua lenye unyevu ndani likipata moto wa ghafla, maji hugeuka mvuke na ua hupasuka kwa kishindo likirusha vigae vya moto. Vigae hivyo havichagui macho.

Njia iliyo bora kwa mkazi wa mjini ni kutafuta mfinyanzi mwenye tanuri, au shule au chuo kinachofundisha sanaa, umlipe akuchomee pamoja na vyombo vyake. Utaokoa kuni, muda, na kope zako.

Wapo wanaokwepa moto kabisa kwa kutengeneza kauri baridi, ambayo kwa kweli si kauri hata kidogo. Ni wanga laini wa mahindi uliopikwa pamoja na gundi nyeupe ya mbao, mafuta kidogo na siki au maji ya ndimu. Maua yake hupendeza sana na hukauka yenyewe kwa siku chache. Sina ugomvi nayo Nairobi au Eldoret. Lakini huko Mombasa, Kilifi na Kisumu ambako hewa ina unyevu, na vilevile katika bafu la nyumba yoyote, hunyonya maji, hulainika na kuota kuvu, na kuvu ni adui wa mwenye pumu. Usiyaweke huko. Wala usitumie tena kwa chakula sufuria uliyopikia gundi.

RISASI: ADUI ASIYEONEKANA

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Kwa karne nyingi wafinyanzi duniani wametia madini ya risasi katika gleizi kwa sababu mbili: hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuiyeyusha, na huifanya ing'ae kwa namna ambayo ni vigumu kuipata kwa kitu kingine. Rangi nyekundu, ya chungwa na ya manjano iliyokolea huweza pia kuwa na kadimiamu. Vyombo vya chakula huangaliwa kwa makini zaidi, lakini pambo la ukutani halilengwi kuliwa, kwa hivyo gleizi na rangi zinazouzwa kwa ajili ya mapambo ndizo huenda zikawa na madini haya.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Ikishaingia mwilini hujificha katika mifupa na meno kwa miaka mingi. Kwa mwanamke mjamzito hutoka mifupani, hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hudhuru ubongo unaokua: mtoto huwa mzito kushika masomo, hukosa utulivu, na kile kilichopotea hakirudi hata risasi ikitolewa. Mara nyingi hakuna dalili yoyote ya mapema. Zikitokea, huwa ni za kawaida kama kuumwa na tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya chakula na upungufu wa damu, ambazo mzazi na hata daktari wanaweza kudhani ni minyoo.

Wakenya hawahitaji kuambiwa hadithi ya mbali kuhusu jambo hili. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari, na watoto wao wakapatikana na risasi damuni. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari. Hewa imekuwa safi zaidi. Kilichobaki ni vitu tunavyovibeba wenyewe hadi ndani ya nyumba.

Je, ua lenye gleizi ya risasi likining'inia ukutani linaweza kukudhuru kwa kulitazama? Hapana. Gleizi iliyochomwa vizuri imefungika kama kioo, na kuigusa si tatizo. Hatari iko mahali pengine. Iko kwa anayepaka gleizi mbichi, ambayo ni unga uliochanganywa na maji, halafu anakula mandazi bila kunawa. Iko kwenye gleizi iliyochomwa kwa joto la chini ikaachwa na unga unga juu yake. Iko kwenye ua lililopakwa rangi ya mafuta ya mkebe baada ya kuchomwa, ambayo baada ya mwaka mmoja huanza kubanduka magamba. Tena magamba hayo huanguka sakafuni, na anayeishi sakafuni ni mtoto anayetambaa, ambaye kila akiokotacho hukitia mdomoni.

Kwa hivyo ukinunua gleizi, muulize muuzaji kama ina risasi au kadimiamu na usome maandishi kwenye mkebe. Unga usio na lebo, uliopimiwa kwenye karatasi ya nailoni, uache dukani hata kama ni wa bei ya kutupa. Ukipaka rangi baada ya kuchoma, tumia rangi ya maji iliyoandikwa kuwa haina risasi. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini mkebe uliokaa ghalani kwa babu tangu zamani hauijui sheria hiyo. Au fanya kama mimi ninavyopenda zaidi, uyaache maua yako na rangi yake ya asili: wekundu wa udongo wa chuma dhidi ya ukuta mweupe hauhitaji kuongezewa kitu. Nawa mikono kwa sabuni na utumie brashi ya kucha, kwa kuwa dawa ya kusafisha mikono ya kileo huua viini tu na haiondoi madini.

KUTUNDIKA

Kabla ya kugusa ukuta, kumbuka kwamba ukuta nao una historia. Katika nyumba kuukuu, chini ya rangi mnayoiona mnaweza kuwa na tabaka tatu au nne za rangi za miaka iliyopita zilizopakwa kabla ya kikomo hicho kuwekwa. Ukitoboa au kupiga msasa unazigeuza kuwa vumbi. Nyunyizia maji mahali unapotoboa, bandika karatasi chini ya tundu ili ipokee vumbi, watoto wawe chumba kingine, na upanguse kwa kitambaa kibichi baadaye. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi wala soketi, maana nyaya hupita humo ndani ya lipu, na sijawahi kuona ua lililo na thamani ya kupigwa na umeme.

Ua la upana wa kiganja laweza kufikia robo kilo. Kumi yakiwa pamoja ni mzigo. Kwa ukuta wa mawe, toboa kwa drili, tia plagi kisha skrubu. Msumari wa kawaida kwenye lipu dhaifu hukaa wiki mbili na siku ya tatu ya wiki ya tatu, saa nane za usiku, huanguka. Utepe wenye gundi pande mbili ni wa picha za karatasi. Kwa kauri, joto la alasiri likiulainisha, au rangi ya ukuta ikibanduka nayo, ua huja chini. Kama mwenye nyumba hataki tundu hata moja na ameshikilia amana yako, pachika maua kwenye ubao mmoja mwepesi kwa gundi ya silikoni, kisha ubao huo utumie tundu la kalenda lililokuwapo tangu mpangaji wa kwanza, mradi tu ulijaribu kwanza kwa kulining'inizia mfuko wenye uzito mara mbili ya ubao huo kwa siku nzima.

Usitundike kauri yoyote juu ya kichwa cha kitanda, kitanda cha mtoto, au kochi ambalo watu huegemeza vichwa. Weka juu ya kimo ambacho mtoto anaweza kufikia hata akipanda kiti, na katika korido nyembamba chagua maua bapa yasiyochomoza, hasa ikiwa nyumbani kuna mzee asiyeona vizuri anayepapasa ukuta akienda msalani usiku.

Ua likianguka na kuvunjika, waondoe watoto kwanza, vaa viatu, okota vigae vikubwa ukiwa na glavu au karatasi nene na vile vidogo uvizoe kwa kitambaa kibichi. Vifunge katika gazeti kabla ya kuvitupa, ili mzoa taka naye asikatwe. Aliyekatwa abanwe jeraha kwa kitambaa safi hadi damu isimame, kisha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Kama kuna kigae kilichokwama ndani kabisa, usikichomoe, mpeleke hospitalini jinsi kilivyo. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda ikiwa miaka mingi imepita tangu achanjwe. Kigae kikiingia jichoni, asilifikiche. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi na mwende.

Na ikiwa unashuku kwamba mtoto amekula magamba ya rangi au kutafuna kipande chenye gleizi usiyoijua, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa kudhani yataosha sumu. Msuuze mdomo, mnawishe mikono, na umpeleke kwa daktari ukitaja wazi neno risasi, kwa kuwa kipimo cha damu ndicho pekee kitakachoonyesha kama imeingia na si maabara zote zinazokifanya. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, damu ikionyesha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita, chanzo kinapaswa kutafutwa na kuondolewa. Beba kipande cha ua hilo au mkebe wa rangi yenyewe ndani ya mfuko uliofungwa, daktari auone.